Barakoa Haikuwa ya Polisi

Wanangu wa Garissa, nyinyi mnaoniita adeer, yaani ami, na nyinyi mnaoniita babu, barakoa mlizivaa kwa ajili ya polisi. Nawaambia bila hasira, maana hasira ya jambo hili ilinitoka zamani, nikabaki na tabasamu tu. Mwaka 2020, basi la kutoka Nairobi likikaribia kizuizi cha Mororo, kabla ya kuvuka Mto Tana, utingo alikuwa akipaza sauti, "Vaeni! Vaeni!", na gari zima linaamka. Mmoja anaitoa mfukoni imekunjamana, ina vipande vya majani ya miraa. Mwingine anaipandisha kutoka kidevuni. Wa tatu hana, anaazima ya jirani aliyekwisha kukaguliwa, nayo bado ina joto la pumzi za mwenyewe. Askari anachungulia, anaona nyuso zimefunikwa, anapunga mkono. Gari likishavuka daraja barakoa zinashuka, mazungumzo yanaendelea pale yalipokatikia, na mzee wa kiti cha nyuma anaendelea kukohoa.

Siwalaumu sana. Hivyo ndivyo mlivyofundishwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na mwanzoni mwa Aprili Serikali ikaagiza kila anayetoka nje afunike pua na mdomo. Asiyefanya hivyo alipe faini hadi shilingi 20,000 au afungwe hadi miezi 6. Shilingi 20,000, kwa anayeuza mifugo siku ya soko, Jumatano, zilikuwa mbuzi wawili au watatu wazima wakati huo. Tarehe 22 Aprili Mandera ikafungwa, mtu asiingie wala asitoke. Wiki iliyofuata zikafuata kambi za wakimbizi za Dadaab. Mei 6 ikafungwa Eastleigh, kule Nairobi, ambako bidhaa na jamaa za nusu ya mji huu hulala. Mtu akikusanya yote hayo anapata jumla moja: cha kuogopwa ni serikali. Na kule Lessos, katika Kaunti ya Nandi, Juni mwaka huo huo, ugomvi ulioanza kwa kukamatwa kwa mwendesha bodaboda asiye na barakoa uliishia kwa watu watatu kuuawa kwa risasi. Kitambaa kilichokusudiwa kuokoa roho kikageuka sababu ya kuitoa. Mtu aliyefundishwa kwa kiboko hujifunza kukikwepa kiboko, basi. Ugonjwa wenyewe hajaujua bado.

Kwa hiyo leo, ambapo hakuna wa kuwauliza, niruhusuni niseme kile ambacho askari hakuwa na muda wa kukieleza.

Mtu akizungumza, akicheka, akisoma Kurani kwa sauti au akikohoa, hutoka mdomoni mwake matone ya mate. Makubwa huanguka karibu. Madogo hayaonekani, nayo huelea katika chumba kisicho na upepo kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani. Barakoa kazi yake ya kwanza ni kuyashika yanapotoka kwako wewe, kabla hayajamfikia mwenzako. Mama anayepika mchuzi huweka mfuniko juu ya sufuria. Mvuke mwingine unapita pembeni, kweli, na hakuna mpishi aliyewahi kuutupa mfuniko kwa sababu hiyo, maana anajua mafuta yakiruka yatamwangukia mtoto aliyeketi karibu na jiko. Mpishi mwenyewe hukaa mbali kidogo. Mtoto ndiye mfuniko unamhusu. Nanyi mlikuwa mkiniambia, "Adeer, mimi sina hofu." Sikuwahi kuuliza habari ya hofu yako. Nilikuwa nauliza habari ya nyanya yako.

Na kweli, wakubwa wa dunia nao walitubabaisha. Miezi ya mwanzo Shirika la Afya Duniani lilisema mtu mzima asiyeumwa hana haja ya barakoa. Tarehe 5 Juni 2020 likashauri nchi ziwahimize watu wavae mahali ambapo kuachana nafasi ni vigumu. Kenya ilikuwa imekwisha kuamuru tangu Aprili. Watu wakasema, tazama, hawajui wanachosema, wanabadilika kila mwezi. Mimi nimeishi na wafugaji maisha yangu yote, na sijaona mfugaji aliyemdharau mtu wa sahani, yule anayetangulia kutafuta malisho, kwa kuwa alirudi na habari nyingine baada ya kufika mbali zaidi. Mbona wataalamu tu ndio tusiwaruhusu kujifunza?

Habari hiyo nyingine ilitoka Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu, maskini kama sisi na yenye msongamano kuliko sisi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 watafiti walichukua vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000. Katika nusu ya vijiji hawakubadilisha kitu; katika nusu nyingine waligawa barakoa bure, wakaweka watu wa kukumbusha kwa upole sokoni na misikitini, wakawaomba maimamu waseme neno. Hakukuwa na faini wala rungu. Waliokuwa wakivaa sawasawa wakapanda kutoka 13 katika kila 100 hadi 42, na misikitini waliitikia kuliko sokoni. Hata hao 42 tu, chini ya nusu ya watu, walitosha kupunguza ugonjwa. Walipogawa zile barakoa za hospitali, wenye miaka 60 na zaidi waliougua walipungua kwa takriban theluthi moja. Narudia kwa wale wanaosoma haraka: theluthi moja ya wazee wagonjwa, kwa kitambaa cha bei ya andazi, na zaidi ya nusu ya kijiji bado haijavaa.

Ndiyo maana huwa natabasamu mtu akiniambia kwamba watu wetu hawawezi kubadilika ila kwa kupigwa. Wanaweza. Kosa lilikuwa katika kuchagua wa kutumwa kuwaambia. Imamu wa mtaa wa Bulla Iftin angesema dakika mbili baada ya Isha, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, angefika mbali kuliko lori zima la askari.

Nalijua neno linalofuata, kwa sababu nimelisikia tangu nikiwa kijana: ajali ni ya Mwenyezi Mungu, kitambaa hakiongezi siku. Ajali ni ya Mungu, naamini hivyo na nitakufa nikiamini. Lakini mkumbukeni Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akapata habari kwamba tauni imeingia mbele. Akashauriana na Muhajirina, na Ansari, kisha na wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akampigia mfano ambao kila mchunga ngamia wa Garissa anaufahamu kabla haujaisha: una ngamia, umeshuka bondeni, upande mmoja una majani na upande mwingine ni mkavu, ukichunga huku au kule, kote ni kwa kadari ya Mungu, nawe ndiwe unayewaongoza ngamia. Sahaba mmoja, Abdulrahman bin Auf, ndipo akawakumbusha alivyosikia kwa Mtume, kwamba nchi yenye tauni usiiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kuikimbia. Watu wale imani yao hakuna wa kuitilia shaka. Walichagua upande wa majani.

Tena hii si mara ya kwanza kwetu kuudharau ugonjwa. Vijana wanafikiri upumbavu ulianza na korona. Mvua kubwa za El Niño za 1997 zilipoifunika nchi hii maji, mbu wakajaa, mbuzi wakaanza kuharibu mimba kundi zima, na mwenye mbuzi alifanya nini? Alikimbilia kisu. Mnyama anakufa, mchinje upesi kabla hajawa mzoga, nyama isipotee. Damu mikononi, maini yakionwa kwa macho na kuguswa kwa vidole, maziwa yakinywewa mabichi kama kawaida. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Baadaye ilikadiriwa kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake watu 27,500 waliambukizwa. Wengi walipona wakidhani ni malaria. Wengine walitoka damu puani na mdomoni na wakafa katika siku chache.

Miaka tisa baadaye, Desemba 2006, mvua zikarudi, na ugonjwa ukaanza tena hapa hapa Garissa. Mngetarajia tukumbuke. Wachache walikumbuka. Wengi walisema ni maneno ya madaktari wa Nairobi, ni njama ya kuharibu bei, mbuzi wa fulani wanaumwa lakini wangu wazima. Kisu kikatoka tena. Uchinjaji ukapigwa marufuku, soko la mifugo likafungwa, na mji ambao unakula, kuvaa na kusomesha watoto kwa mifugo ukakaa bila nyama na bila pesa. Nchini walikufa zaidi ya watu 150. Nilimwona mtu aliyekataa kumwacha mbuzi mmoja afe porini akikosa kuuza mbuzi wake wote kwa miezi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye njaa aliyehesabu hasara ya leo akasahau ya kesho, na nani kati yetu hajawahi kuhesabu hivyo?

Korona ilipofika, maneno yalikuwa yale yale, yamebadilishwa kilemba tu. Ni ya Wachina. Ni ya watu wa ndege. Joto la Garissa litaiua. Kisha yakaja mazishi. Kwetu maiti huzikwa siku ile ile, na ndivyo inavyopasa. Lakini aliyezikwa bila kupimwa hakuingia katika hesabu ya mtu yeyote. Serikali ilihesabu vifo zaidi ya 5,600 nchi nzima. Hesabu hiyo ni hasa ya waliofika hospitali wakapimwa, na nyinyi mnajua kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita kama 370, na kutoka Mandera ni takriban 1,000, na mtu aliyeishiwa pumzi hahimili safari hiyo.

Niwakumbushe jambo moja zaidi, nalo ndilo linaloniuma. Julai 2020 misikiti ilipofunguliwa baada ya miezi ya kuswali sebuleni, hata tarawehe, sharti lilikuwa watu 100, saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Tukabaki. Lakini katika mji huu ni mzee gani anayeishi peke yake? Vijana walikwenda msikitini na sokoni, wakakaa majlisi ya miraa hadi usiku, watu kumi chumba kimoja, dirisha limefungwa, kisha wakarudi wakanawa mikono kwa adabu na kuketi nasi kwenye sinia moja. Mzee hakutoka nyumbani. Ugonjwa uliletwa mpaka kwenye mkeka wake na mtu anayempenda kuliko wote.

Kuna pia hili la mama zetu. Wengi walidhani aliyevaa nikabu amekwisha kujikinga. Nikabu ni sitara, na sitara ina thawabu yake. Lakini kitambaa chepesi kinachoning'inia wazi chini ya kidevu hakizuii pumzi. Barakoa huvaliwa ndani yake, na haipunguzi sitara hata kidogo. Hata Makka, katika Msikiti Mtukufu, mahujaji na watu wa umra walivaa barakoa miaka ile.

Amri ya kuvaa nje iliondolewa tarehe 11 Machi 2022, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likasema dharura imekwisha. Dharura ndiyo iliyokwisha. Kifua kikuu bado kipo katika vijiji vyetu, nacho husafiri kwa njia ile ile ya pumzi. Na mgonjwa wake akivaa barakoa ili awalinde wengine, watu humkimbia yeye na kubaki na anayekohoa waziwazi. Kuna pia virusi vya MERS, vilivyogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, vinavyokaa kwa ngamia. Watafiti wamepima ngamia wa kaskazini mwa Kenya na kukuta wengi wana dalili katika damu kwamba waliwahi kuambukizwa. Sisi tunalala karibu nao, tunawakamua, tunawanywesha. Sisemi kesho kutaingia janga. Nasema nimeyaona matatu, na kila moja lilitukuta tukibishana.

Basi nawaomba. Nunueni pakiti moja ya barakoa za hospitali iwekwe nyumbani, mahali ambapo hata mtoto anaifikia. Ukiwa na mafua au kikohozi, ivae kabla ya kuingia kwa nyanya yako, kabla ya kupanda Probox ya Dadaab, kabla ya kusimama safuni. Ifunike na pua pia, na ikilowa itupe. Masheikh, semeni neno hilo sasa, maana siku ambazo hakuna anayekufa, watu wanasikia vizuri zaidi. Na wewe unayemwona kijana amefunika uso msikitini, usimwulize kama ana korona. Itikia salamu yake, umpishe safuni, na umshukuru.