Lehemu ya Fundi Redio

Mjomba wangu alikuwa fundi redio mjini Tanga. Siku aliyotoka kupima damu aliitandaza karatasi ya majibu juu ya meza yake ya kazi, kati ya spika na nyaya, akaniita.

"Mpwa wangu, hebu nisomee. Daktari kaniambia nina lehemu nyingi mwilini. Lehemu si ndiyo iliyowalisha wanangu?"

Kweli neno ni lile lile: lehemu ya kuungia nyaya, na lehemu ya mwilini ambayo wengi tunaiita kolestro. Karatasi ilionyesha jumla 7.2, na ile aina inayoitwa LDL 5.2. Mtu mzima asiye na maradhi ya moyo wala kisukari kwa kawaida hutakiwa jumla yake isizidi 5, na LDL iwe chini ya 3.

Nilimweleza kwa lugha ya kazi yake. Mwili hauishi bila lehemu; ndiyo inayojengea kuta za chembe zake, ndiyo inayotengenezea homoni, vitamini D na nyongo. Lakini wewe fundi unajua, tone likimwagika pasipo pake, saketi inapiga shoti. LDL huibeba lehemu kutoka kwenye ini na kuisambaza mwilini. Ikizidi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa ya damu, ikarundikana mwaka baada ya mwaka. Siku rundo hilo likipasuka, damu huganda papo hapo na mshipa ukaziba. Ukiziba wa moyo, ni shambulio la moyo. Ukiziba wa ubongo, ni kiharusi. Aina nyingine, HDL, huokota masalio na kuyarejesha kwenye ini. Na muda wote wa kurundikana huko mtu haumwi popote.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda kuamini. Mjomba alikuwa mwembamba, anatembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini. "Mafuta yakae wapi kwenye mwili huu?" aliuliza, na mimi nilikuwa nikiuliza hivyo hivyo kabla sijaelewa kwamba sehemu kubwa ya lehemu hatuili, bali hutengenezwa na ini lenyewe. Wapo wanaorithi maini yasiyojua kuiondoa LDL kwenye damu. Wembamba wao hauwakingi kitu.

Hata hivyo alikubali. Daktari alimwandikia atorvastatini, kidonge kimoja kila usiku. Mkaza mjomba naye akabadilisha jiko. Kasimile ikawa ya sikukuu, wali wa kila siku ukapikwa kwa tui jepesi au bila nazi. Maharage na mboga za majani vikaongezeka, maandazi yakapungua. Kulikuwa na dumu la mafuta ya mawese lililoandikwa kwamba halina kolestro, naye akashangaa nilipomwambia aliweke kando. Maandishi yale hayakudanganya, kwani mimea karibu haina kolestro kabisa. Lakini karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayoganda, na hayo ndiyo yanayolifanya ini liiache LDL izagae kwenye damu. Akahamia alizeti, tena kwa kijiko, si kwa kumimina.

Baada ya miezi mitatu LDL ilikuwa 2.7. Mjomba alifurahi kama mtoto, akaibandika karatasi ukutani juu ya meza yake. Paketi ya vidonge ilipokwisha hakununua nyingine.

Nilijua. Hapa ndipo panaponiuma hadi leo. Aliniambia mwenyewe kwamba redio ikishatengemaa fundi haifungui tena. Jirani alikuwa amemwambia kwamba dawa zile ni kemikali tupu, zinaozesha ini, bora vitunguu saumu na maji ya ndimu kila asubuhi. Nilikuwa na majibu yote. Ningemwambia kwamba dawa za jamii ile ziligunduliwa mwaka 1973 na Akira Endo, mwanasayansi wa Japani aliyepima maelfu ya kuvu hadi akaipata ya kwanza kwenye ukungu uliotoka kwenye mchele. Ningemwambia kwamba wapo wanaoumwa misuli wakizitumia, na wachache ini lao husumbuka, ila dawa ya hayo ni kurudi kwa daktari apunguze kipimo au abadilishe aina. Zaidi ya yote ningemwambia kwamba ile 2.7 ilikuwa kazi ya kidonge. Kidonge hulizuia ini kutengeneza lehemu kwa wingi, nalo ini likipungukiwa huivuta LDL kutoka kwenye damu. Kidonge kikikoma, wiki chache tu namba hurudi ilikotoka. Chakula kizuri peke yake huishusha, lakini kwa damu kama ya mjomba hakiwezi kuitoa 5.2 na kuifikisha 2.7.

Sikusema. Mkubwa alikwishaamua, nami niliona haya kumbishia mbele ya wanawe. Karatasi ile ikaendelea kuning'inia ukutani, na kila mteja aliyeingia alionyeshwa.

Ikapita miaka miwili. Alfajiri moja, baada ya swala, kikombe cha kahawa kilimponyoka. Mkaza mjomba alipomtazama aliona mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, na maneno yanatoka yamevurugika. Majirani wakasema ni upepo mbaya. Akakandwa, akasomewa, akapakwa mafuta ya habasoda. Ilipofika adhuhuri ndipo gari lilipoitwa. Kiharusi cha kuziba mshipa kina dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, katika hospitali zilizo nayo, lakini kwa kawaida mgonjwa hupewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mjomba alifika zimeshapita. Uso kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito: mojawapo likitokea ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Dua haizuiwi na mwendo wa gari.

Kipimo kilionyesha mshipa wa ubongo umeziba. LDL yake ilikuwa 5.1. Sasa daktari anaitaka iwe chini ya 1.8, kwa kuwa aliyekwisha kupatwa mara moja hawekewi lengo moja na mtu mzima mwenye afya.

Nami nilikwenda kupima, kwa maana mama yangu na mjomba ni damu moja. LDL yangu ilikuwa 4.3, nami sijawahi kuumwa kitu. Mama hajakubali kupima bado. Ninamwambia kila ninapompigia simu, na sioni haya tena.

Mjomba anaongea, polepole. Mwanawe ndiye anayekaa mezani sasa, na mjomba huketi kando akimwelekeza pa kuweka lehemu, kwa sababu mkono wa kulia hauwezi tena kushika chuma cha kulehemia. Usiku anakinyoosha kiganja cha kushoto. Kidonge kilichofungwa kwenye karatasi ya fedha hakifunguki kwa mkono mmoja, hivyo mkaza mjomba humfungulia, akakiweka pale kiganjani, akasubiri mpaka kimezwe.