Mtalala Wapi, Ninyi Mnaokwenda Namugongo kwa Miguu?



Ndugu zangu wa Misigiri na Ulemo, wa Kinampanda, wa Kiomboi na wa Shelui, neno hili ni lenu ninyi mliojiwekea nadhiri ya kwenda Namugongo kwa miguu kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Mungu aipokee nadhiri yenu. Furaha yenu nimeiona: rangi ya fulana imeshachaguliwa, wanakwaya wameshaanza mazoezi, bango limeshaagizwa. Ila sijamwona hata mmoja wenu mwenye karatasi inayosema usiku wa kwanza mtalala wapi, wa pili wapi, wa tatu wapi, na ni nani atakayewafungulia mlango.

Kwa hiyo nasema nanyi bila kuficha. Hija haivunjiki mchana, watu wakiwa barabarani wanaimba. Huvunjika usiku. Huvunjika pale watu wanapofika gizani mahali ambapo hakuna anayewategemea, kisima kimefungwa, mama mwenye mtoto anatafuta ukuta wa kuegemea, na asubuhi kila mmoja anaamka na neno la uchungu kwa mwenzake. Watu wa namna hiyo hata wakifika, wanafika wakiwa wamenuniana. Na shetani hahitaji kazi kubwa zaidi ya hiyo.

Msiniambie kwamba kupanga ni kukosa imani. Fungueni kitabu cha Hesabu, sura ya 33. Wengi huiruka kwa sababu ni majina tu ya kambi, moja baada ya nyingine, tangu Misri hadi ukingoni mwa Yordani. Lakini Maandiko yanashuhudia kwamba Musa aliyaandika majina hayo kwa amri ya Bwana mwenyewe. Mungu aliyepasua bahari hakuona haya kutunza orodha ya vituo. Wewe ni nani hata uone haya?

Tena mtazameni Eliya chini ya mretemu, amechoka, anaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele yake ilimzidi. Baada ya hapo ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu. Kula na kulala vilitangulia mlima wa Mungu. Kiongozi wa hija anayewaburuza watu wenye njaa usiku kucha, eti wajitese kwa ajili ya Kristo, na asome habari hiyo akiwa amepiga magoti.

Sasa sikilizeni jambo ambalo halitoki moyoni mwangu. Tarehe 26 Mei 1886 vijana Wakristo waliomtumikia Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walitolewa Munyonyo wakiwa wamefungwa, wakapelekwa Namugongo. Nao walikuwa na njia yao na vituo vyao, ila vituo vile vilikuwa vya kuulia. Ponsiano Ngondwe alichomwa mkuki njiani. Athanasio Bazzekuketta aliuawa Nakivubo. Gonzaga Gonza miguu yake ilikuwa imechubuliwa na minyororo hata ikakataa kumbeba. Akaanguka Lubawo, na hapo hapo wakamwua kwa mikuki. Waliobaki walifika, wakangoja wiki nzima kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Kupaa Bwana mwaka ule, Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto. Kizito alikuwa kijana wa miaka kama 14 tu.

Katika msafara wa wauaji, aliyeshindwa kutembea aliuawa. Basi katika msafara wetu, aliyeshindwa kutembea ndiye anayeamua mwendo wa wote! Nimeisema sheria yangu yote hapo. Umbali wa siku usipimwe kwa miguu ya kijana anayecheza mpira. Upimwe kwa miguu ya bibi mwenye magoti mabovu aliyeuza kuku wake wawili apate nauli ya kurudi. Kama bibi huyo anaweza kilomita 20 kwa siku, basi kituo kiwe kwenye kilomita 20, na kijana akifika mapema achote maji.

Tufanye hesabu pamoja. Ukiondoka hapa njia panda ya Misigiri unateremka Sekenke hadi Shelui, unavuka bonde la Wembere kwenda Igunga, kisha Nzega, Tinde, Isaka, Kahama, Ushirombo, Runzewe, Biharamulo, Muleba, Bukoba, Kyaka, ndipo Mutukula. Hizo ni zaidi ya kilomita 600 na bado hujavuka mpaka. Toka Mutukula hadi Namugongo ni kilomita nyingine kama 230. Kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa siku, na Jumapili mkipumzika na kusali, mnahitaji wiki sita au zaidi. Maana yake mngeondoka katikati ya Aprili, mvua za mwisho zikiwa bado zimetuama Wembere, na mtama, uwele na alizeti vikiwa shambani havijavunwa. Nani atavuna? Mke uliyemwacha na watoto watano? Hija inayomwachia mwenzako njaa haimpendezi Mungu, na sitaibariki kwa maneno matamu.

Kwa hiyo, kwa wengi wenu, ushauri wangu ni huu: pandeni basi hadi Mutukula, mwanzie hapo kutembea. Hakuna aibu. Thawabu haipimwi kwa mita. Aliye na nguvu, aliyeagana na familia, ambaye shamba lake lina mtu, huyo na atembee njia nzima, lakini si peke yake, na kamwe si usiku. Mteremko wa Sekenke mnaujua wenyewe. Malori yanayokwenda Rwanda na Burundi yanapita hapa mchana na usiku, na dereva anayeteremka na mzigo hawezi kukukwepa ghafla. Tembeeni upande wa kulia mkiyatazama magari usoni, mstari mmoja, wa kwanza na wa mwisho wakiwa na vizibao vya kung'aa. Mbele huko, kati ya Runzewe na Biharamulo, ni pori. Msilikate kwa miguu bila kuzungumza kwanza na polisi na watendaji wa vijiji vya pande zote mbili. Wakisema pandeni gari, pandeni gari.

Mnadhani mambo haya ni mageni kwetu? Mkoa wetu wenyewe ni mwalimu. Kusini kwetu, tangu Manyoni kuelekea Itigi na mbele hadi Unyanyembe, huko Tabora, misafara ya karne ya 19 ilivuka nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, mahali pa maji haba na jua lisilo na huruma. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, hawakuivuka kwa ubishi. Penye maji walipika na kula adhuhuri, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likianza kulegea, wakatembea hadi giza na kulala pakavu. Kabla ya mapambazuko walikuwa njiani tena, wafike kwenye maji mengine jua halijapanda. Waliita mwendo huo terekeza. Mbele yao alitembea kirangozi aliyejua kila kisima kwa jina.

Na kwa njia hiyo, ndugu zangu, ilipita imani iliyowafikia kina Karoli Lwanga! Mapadre Weupe wa kwanza waliondoka Bagamoyo mwezi Juni 1878. Mmoja wao, Padre Pascal, alikufa njiani kabla ya kuiona Tabora. Wenzake waliendelea, na tarehe 17 Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans wakatia mguu Entebbe. Mizigo ya altare ilibebwa mabegani na watu ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote, kituo kwa kituo, katika ardhi ya mkoa huu. Mnapokwenda Namugongo mnaifuata imani iliyopita kwetu kwanza. Msiende ovyo kuliko wale walioibeba.

Basi, tangu Mutukula: gaweni njia hadi Kyotera siku mbili, mkilala Sanje au karibu yake. Toka Kyotera hadi Masaka siku mbili nyingine, na hapo Kitovu, penye kanisa kuu la jimbo, mpumzike siku nzima. Kisha Lukaya, kisha Nkozi, karibu na mstari wa ikweta, kilipo Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kilichoanzishwa mwaka 1993. Mbele yake ni Mitala Maria, kisha Mpigi. Toka Mpigi kuingia Kampala msikimbilie kumaliza kwa siku moja. Ni mbali, na magari ni mengi mno. Jipeni siku mbili. Pangeni kufika Namugongo tarehe 1, si usiku wa kuamkia sikukuu, maana usiku ule umati ni mkubwa na mahali pa kulala ni udongo mtupu chini ya mbingu.

Kila kituo kitembelewe mapema. Nasema kitembelewe, simu haitoshi. Mtumeni mtu mmoja kwa basi mwezi Januari, awe na barua ya utambulisho kutoka kwa paroko. Aende akaone kwa macho: vyoo ni vingapi, maji yanatoka wapi na saa ngapi, wanawake watalala chumba kipi na mlango wake unafungwa kwa ndani au la, zahanati iko umbali gani. Aulize kuni. Aulize bei ya unga kwa shilingi ya Uganda. Aandike jina la mwenyeji pamoja na la msaidizi wake, kwa sababu mwenyeji anaweza kufiwa siku hiyo hiyo.

Msibishe hodi kwa Wakatoliki peke yao. Mashahidi wale ni 45, na 23 kati yao ni Waanglikana; wale 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, lakini pale Namugongo moto haukuwabagua. Kanisa la Kianglikana la pale njiani lina haki ya kuwapokea. Huku kwetu Iramba, ndugu zetu Walutheri wa KKKT wana makanisa katika vijiji vingi kuliko sisi. Waombeni. Na pale ambapo kisima kiko msikitini, waombeni kwa adabu. Sijapata kusikia mwanahija akinyimwa maji mlangoni pa watu wanaoijua hija.

Jioni mkifika, kabla ya rozari, kabla ya ugali, miguu kwanza. Kila mtu aketi, avue viatu na soksi. Viongozi wapite na beseni, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na tochi. Tazameni kisigino, tazameni katikati ya vidole, pale ngozi inapoanza kuwa nyeupe na laini; hapo ndipo lengelenge litatokea kesho. Kausheni vizuri, funikeni palipochubuka kwa plasta safi, msitoboe kwa mwiba wala kwa pini ya kitenge. Soksi za kesho ziwe kavu. Kiongozi asiyekubali kushika mguu wa mwenzake wenye vumbi la siku nzima hana haki ya kubeba msalaba mbele ya msafara, kwa kuwa Bwana alifanya hivyo usiku wa Alhamisi Kuu akiwa anajua kesho atakufa.

Kisha hesabuni watu. Yosefu na Maria, waliokuwa watakatifu kuliko sisi sote, walitoka hija Yerusalemu wakatembea mwendo wa siku nzima wakidhani Mtoto yuko na jamaa. Siku tatu wakamtafuta. Kama jambo hilo liliipata Familia Takatifu, basi kikundi chenu cha watu 40 kihesabiwe jioni na alfajiri, kwa majina, kila mmoja akiitika kwa sauti yake mwenyewe. Neno "yuko nyuma anakuja" lisipokelewe. Arudi mtu amfuate.

Mengine nayataja upesi. Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria ishughulikiwe Uhamiaji kabla ya Pasaka, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mjifunze salamu za Kiganda. Kiswahili hakitawafikisha kila mlango. Na tangu Januari, kila Jumamosi, tembeeni kwenda Kiomboi, mbebe mzigo ule ule mtakaoubeba, mvae viatu vile vile. Kiatu kipya cha siku ya kuondoka ni adui.

Nawasihi kwa huruma ya Mungu, enyi viongozi wa jumuiya ndogondogo: kabla ya Jumatano ya Majivu mpeleke kwa katekista wenu orodha ya vituo vyote, kila kituo na jina la mwenyeji, mahali pa maji na zahanati iliyo karibu. Orodha hiyo isomwe kanisani mbele ya familia za wanaokwenda, ili mama anayebaki Misigiri ajue kila usiku mwanawe amelala wapi. Kikundi kisicho na orodha hiyo kisiondoke.