Nishani ndani ya mkebe wa biskuti (Tafakuri ya mwezi 22 Ramadhani)



Ndugu zangu katika imani, leo tumefunga siku ya 22, na jua likizama tunaingia usiku wa 23, usiku wa witiri katika kumi la mwisho. Kabla futari haijateremka jikoni, nipeni dakika tano niwasimulie habari za mjomba wangu, Allah amrehemu.

Mjomba alikuwa rubani wa ndege za kivita katika Jeshi la Wananchi. Alipelekwa China akiwa kijana kujifunza urubani. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuiteka ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera, alikuwa miongoni mwa waliorushwa vitani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mjomba akarudi nyumbani na nishani ya vita.

Sisi watoto tulimjua kwa nishani ile. Mimi chuoni nilijigamba nayo mpaka wenzangu wakanibandika jina, "Mpwa wa Ndege". Akija likizo tunamzunguka mkekani: "Mjomba, ulifanya nini hata wakakupa?" Anajibu neno moja: "Nilirudi." Tukiendelea kumkodolea macho anaongeza, "Wengine hawakurudi. Wengine wamelala Kaboya kule." Kisha anageuza mazungumzo: haya, nani kahifadhi sura mpya?

Nishani yenyewe ilikaa juu ya kabati, ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na nyuzi na sindano za shangazi. Ilitoka Siku ya Mashujaa, ikafutwa vumbi, ikavaliwa, na jioni ikarudi mkebeni.

Miaka ikapita, mjomba akastaafu, mimi nikawa ndiye ninayesoma darsa msikitini. Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, nilisoma ile hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ya watu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama. Mnaijua. Mmoja wao ni mtu aliyepigana mpaka akauawa. Ataulizwa amezifanyia nini neema alizopewa, naye atasema amepigana kwa ajili ya Allah. Ataambiwa amesema uongo. Alipigana ili aitwe shujaa, na huko duniani ameshaitwa. Kisha ataburutwa kwa uso wake mpaka motoni. Nikaisherehesha vizuri, nikafunga kitabu, watu wakaondoka. Mjomba akabaki ameegemea nguzo.

Akaniambia, "Mjomba, hadithi hii wewe unaisoma kama habari za watu wengine. Mimi naisikia kama naitwa jina."

Nikaharakisha kumjibu: "Lakini wewe ulitetea nchi. Tulivamiwa sisi."

Akasema, "Hilo Serikali imeshanilipa, liko ndani ya mkebe. Mimi naulizia hesabu nyingine. Nilipokwenda, najua nilikwenda kwa kuwa watu wetu wameonewa. Niliporudi wakanipigia makofi, na makofi yale niliyapenda. Sasa sijui ni lipi lilitangulia moyoni. Na kule juu huoni uso wa mtu. Unaona barabara, unaona moshi. Waliokuwa chini, wamo waliokuwa wakielekea kibla hikihiki."

Ndugu yangu, mimi ni mtu wa maneno, lakini usiku ule sikuwa na neno.

Baadaye nikakumbuka hadithi ya Abu Dharr (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu anayefanya jambo la kheri, kisha watu wakamsifu kwa hilo. Akajibu kwamba hiyo ni bishara njema ya muumini iliyotangulizwa. Nikampelekea mjomba mbio, nikidhani nimempa dawa. Akasikiliza, akauliza, "Alilifanya kwa ajili ya Allah kwanza, ndipo wakamsifu?" Nikasema ndiyo. Akatabasamu. "Basi swali langu liko palepale, kwenye hilo 'kwanza'."

Tafadhali nielewe hapa. Nishani si dhambi, wala kumshukuru aliyetutetea si kosa. Ninachokuambia ni kwamba mwenye nishani mwenyewe hakuthubutu kuiegemea. Mimi na wewe, ambao sifa zetu ni za futari tulizoalika watu, michango iliyotajwa kwenye kipaza sauti, na picha za Umra tulizotuma kwenye makundi, tunaegemea nini?

Kila usiku kabla ya kulala mjomba alikuwa akisoma Suratul Mulk. Akifika aya ya 19, pale Allah anapotuelekeza tuwatazame ndege juu yetu, wanakunjua mbawa na kuzikunja, na hakuna anayewashikilia ila Mwingi wa Rehema, alisimama kidogo. Siku moja akasema, "Watu hudhani rubani anaishikilia ndege. Mimi nimekaa mle ndani. Ninajua nilivyoshikiliwa."

Sasa sikia lililonifanya niandike leo. Msikiti wetu wa zamani maji ya bomba yalikuwa ya kubahatisha, lakini alfajiri kila siku tulikuta mapipa ya udhu yamejaa pomoni. Hakuna aliyeuliza. Tulidhani ni kazi ya muadhini. Mwaka ule mjomba alipougua, asubuhi tatu mfululizo mapipa yalikuwa makavu. Tukamgombeza muadhini mbele za watu. Maskini akaapa, "Wallahi sijawahi kuyajaza hata siku moja. Nilidhani kamati imeajiri mtu."

Nilipokwenda kumwangalia mjomba nikamuuliza. Alikuwa kitandani, mkono wake umebaki mifupa. Akaukamata mkono wangu: "Saa tisa usiku hakuna wa kupiga makofi. Nilitaka moja ambalo nina hakika nalo." Akaniomba nisiseme akiwa hai. Sikusema. Leo ametangulia, na jina lake nimelificha makusudi, ili siri iliyobaki iendelee kuwa yake na Mola wake.

Basi, ndugu yangu, yamebaki masiku machache. Ninakuomba mambo mawili tu.

La kwanza, kabla mwezi haujaandama, tafuta pipa lako. Amali moja ambayo mke hajui, mume hajui, imamu hajui, na simu yako haijui. Iwe deni la mtu ulilolilipa kimyakimya, rakaa mbili nyumba imelala, au mtu uliyemsamehe bila kumtangazia kwamba umemsamehe. Ukiona nafsi inataka kuhadithia, ujue hapo ndipo vita yako ilipo.

La pili, usiku wa leo shika ile dua aliyofundishwa Bibi Aisha (r.a.), ya kumwomba Allah atusamehe, kwani Yeye ni Mwenye kusamehe na anapenda kusamehe. Mjomba hakuomba jingine katika kumi la mwisho. Hakuomba aandikwe shujaa. Aliomba asamehewe, kwa anayoyajua na kwa yale ambayo kutoka kule juu hakuweza kuyaona.

Hakuruzukiwa mtoto. Mtoto mwema wa kumuombea ni sisi. Ukiinua mikono, mtie na yeye, pamoja na wote wasiorudi, na wale waliokuwa chini.

Ewe Mola wetu, zitakase nia zetu, yapokee yale tuliyoyaficha na utusitirie yale tuliyoyaharibu. Wasamehe waliotutangulia, na utujaalie kuufikia usiku wa Laylatul Qadri tukiwa macho. Amin.

Kesho in shaa Allah tutazungumzia Zakatul Fitri: nani anaitoa, na lini. Leo tarawehe ni saa ileile. Atakayewahi, apitie kwenye mapipa.

Wabillahi tawfiq. Futari njema.