Mti Uliokuwa Binti

Mjini Roma, katika jumba la Borghese, imo sanamu ya marumaru yenye kimo cha sentimita 243. Gian Lorenzo Bernini aliichonga kati ya mwaka 1622 na 1625 kwa agizo la Kardinali Scipione Borghese. Yaonyesha hadithi ya kale ya Wayunani, ambayo Ovidius, mshairi wa Kirumi, aliisimulia: mungu Apollo amtamani binti Daphne, binti hamtaki, akimbia. Akiwa karibu kukamatwa, amlilia baba yake, mungu wa mto, amwokoe. Mara vidole vyake vyachipua majani, miguu yatoa mizizi, ngozi yawa gome.

Huenda msomaji akauliza: Je, yafaa hadithi ya tamaa ya miungu ya uongo kupamba nyumba ya kardinali? Jibu limechongwa kwenye kitako cha sanamu. Ni mistari ya Kilatini aliyoitunga Kardinali Maffeo Barberini, ambaye mwaka 1623 alikuwa Papa Urbano wa Nane. Yamwonya afuataye anasa zipitazo kwamba mwisho wake ni uchungu.

Onyo hilo ni la kweli, lakini twaona halitoshi. Lasema na mwenye kukimbiza na kuhesabu hasara yake. Juu ya binti halina neno. Apollo alikosa alichokitaka tu. Daphne alipotewa na mwili wake na sauti yake, naye hakuwa na kosa. Tena Apollo aliufanya mti huo kuwa wake, na majani yake yakawa taji la washindi. Aliyemkataa akawa pambo lake!

Basi, sanamu ifichwe? La, hasha. Tazameni uso wa binti, kinywa wazi kwa hofu, na mkono wa Apollo ungali umemshika kiunoni juu ya gome. Patasi ya Bernini imesema yale ambayo mistari imeyanyamazia.

Nasi nyumbani twawaonya wana wetu kwamba tamaa itawaharibia masomo, afya na jina jema. Ni vema. Lakini mwovu huwa mwovu kwa madhara anayomtendea mwenziwe, hata kama yeye mwenyewe hapati hasara yoyote. Yatupasa kuwafundisha vijana wetu hilo kwanza: binti akisema hapana, neno limekwisha, kwa sababu yeye ni mtu.