Umri wa Papa na Umri wa Msonobari

Papa wa Greenland huogelea polepole katika maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini na Aktiki. Msonobari wa bristlecone huota kwenye milima mikavu ya magharibi mwa Marekani, mara nyingi katika kimo cha mita 3,000 na zaidi. Wote wawili husifiwa kwa maisha marefu, lakini ni vigumu kusema ni kitu gani hasa ndani yao kilichoishi miaka hiyo yote.

Mti uliopewa jina la Prometheus ulikatwa huko Nevada mwaka 1964, zikahesabiwa pete 4,862. Ukiutazama msonobari mkongwe wa aina hiyo kwa karibu, shina karibu lote ni gogo kavu lililochongwa na upepo. Uhai umebaki kwenye ukanda mwembamba wa gome upande mmoja, nao ndio unaolisha matawi machache yenye majani mabichi. Kilicho cha kale kimekufa, na kilicho hai ni kipya.

Kwa papa, ushahidi umo jichoni. Kiini cha lenzi hutengenezwa kabla papa hajazaliwa, na protini zake hazibadilishwi tena. Mwaka 2016 watafiti walipima kaboni-14 katika viini vya papa jike 28. Mkubwa kuliko wote, mwenye urefu wa mita 5 hivi, alikadiriwa kuwa na miaka 392. Hata kwa kadirio la chini, hakupungua 272. Hata hivyo, kiini hicho nacho hakikui wala hakijirekebishi. Kwa hiyo umri haukai katika kitu kilichodumu, bali katika uhai ambao haukukatika.

Hapo ndipo wawili hawa wanapoachana. Aristotle, katika risala yake juu ya urefu na ufupi wa maisha, alieleza kwamba miti hudumu kwa sababu hujifanya upya daima. Maelezo hayo yanaufaa msonobari, unaoendelea kama ukoo: hawa wanakufa, wale wanazaliwa. Papa hayamfai. Yeye ni mwili mmoja, hukua chini ya sentimita moja kwa mwaka, na jike hukadiriwa kupevuka akiwa na miaka 150 hivi. Jike anayenaswa wavuni akiwa na miaka 100 hufa kabla ya kuzaa hata mara moja.