Mgeni na Jembe Lake

Msomaji, ukipita Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa, ukaiacha Ngome ya Yesu nyuma yako, kisha ukashuka kuelekea majini, utafika Bandari ya Kale. Siku hizi vyombo vyake ni vichache. Zamani, kila mwaka kaskazi ilipovuma, majahazi yaliteremka kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakatia nanga hapo na kupakua tende, chumvi, samaki wakavu, mazulia na nguo. Pepo zilipogeuka, yakaondoka kwa kusi na boriti, nafaka, ngozi na pembe. Kati ya pepo hizo mbili palikuwa na majuma mengi ya kungoja. Tende zilikuwa zimekwisha kuuzwa, lakini baharia alikuwa angali yupo. Alihitaji mahali pa kulala, mtu wa kumwamini, msikiti wa kusali na, aghalabu, kazi ya kufanya. Biashara haikuleta vitu peke yake. Ilileta na watu.

Hapo ndipo linapoanzia swali letu. Je, ni haki mji kuifungulia bidhaa mlango na kumfungia mtu aliyeileta au aliyeitengeneza? Swali hili huonekana kuwa la mawaziri na mabalozi. Walakini kila mmoja wetu hulijibu siku akutanapo na mgeni, na siku awapo mgeni yeye mwenyewe.

Mombasa haikupata kuwa mji wa kujitosheleza. Ibn Battuta alipofika kisiwani mwaka 1331 aliona kuwa wenyeji walikuwa na matunda na samaki, lakini nafaka zao zililetwa kutoka nje. Kisiwa kisicholima chakula chake hakina budi kuishi kwa mapatano na watu wengine. Na wenyeji hao walikuwa nani? Soma majina ya Thenashara Taifa, yaani zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa. Miongoni mwake utawakuta Wakilifi, Wamtwapa, Wapate na Wafaza. Kilifi, Mtwapa, Pate na Faza ni miji mingine ya pwani. Mwenyeji wa leo angali anaitwa kwa jina la mahali alikotoka mgeni wa jana, wala haoni haya, kwa kuwa jina hilo ndilo lililomwingiza katika hesabu ya wenye mji.

Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Ya pili husema, “Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.” Wengi hudhani kwamba ya pili huitangua ya kwanza, kana kwamba ukarimu hudumu siku mbili, kisha huja ukali. Nadhani hawakuisikiliza vizuri. Methali haikusema siku ya tatu mfukuze, wala haikusema mfiche. Ilisema mpe jembe. Jembe ni jasho, ni kweli. Lakini jembe ni haki pia. Anayelima pamoja nasi anaweza kudai sehemu yake katika mavuno, wala hawezi tena kuitwa mzigo.

Basi tuzifanye methali hizi kuwa mizani yenye vitanga viwili. Kitanga cha kwanza ni mapokezi: mtu apokewe kwa heshima ya mtu. Kitanga cha pili ni jembe: apewe nafasi ya kufanya kazi na kubeba wajibu. Sheria ya mlangoni inayokosa kimojawapo ina kasoro, hata kama ina mhuri wa serikali kubwa.

Tupime kwanza mambo ya kale. Mwaka 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuteka mji wa Mombasa, wakaupora na kuutia moto. Katika karne hiyo walitaka vyombo vya biashara katika Bahari ya Hindi vichukue vyeti vyao. Chombo kisichokuwa na cheti kiliweza kukamatwa pamoja na shehena yake. Bahari iliyokuwa njia ya wote ikapata bawabu. Na bawabu huyo hakuwa akiilinda nyumba yake. Alisimama mlangoni pa nyumba za watu wengine akitoza ushuru.

Lakini usidhani kwamba ubaya wote uliletwa na watu wa mbali. Pwani yetu wenyewe ilishiriki katika biashara ya watumwa. Pepo zilizopeleka pembe zilipeleka na binadamu. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasisafirishwe kwa bahari, na mwaka 1875 baadhi ya waliokombolewa walipewa makao Freretown, ng’ambo ya kisiwa cha Mombasa. Fikiri jambo hili kwa makini: mtumwa hakuzuiwa mlangoni. Alivuka bahari kwa kuwa alihesabiwa kuwa mali. Kwa hiyo kufungua mlango peke yake si wema. Swali si kama mtu amepita tu. Ni kama amepita akiwa mtu.

Serikali ya Waingereza nayo ilikuwa na mlango wake. Kati ya mwaka 1896 na 1901 ilijenga reli kutoka Mombasa mpaka Ziwa Victoria, ikaleta wafanyakazi kiasi cha 32,000 kutoka Bara Hindi. Kiasi cha 2,500 walikufa, na kiasi cha 6,700 wakabaki katika nchi. Baadaye, kutoka mwaka 1920, Mwafrika mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande, yaani hati yenye alama za vidole na habari za kazi zake, iliyotiwa katika kikebe na kuning’inizwa shingoni. Bila idhini ya bwana wake kuandikwa katika hati hiyo, hakuweza kuiacha kazi na kutafuta nyingine. Kahawa na katani alizozihudumia zilishuka Kilindini na kwenda Ulaya. Yeye alikuwa mfungwa wa hati katika nchi yake mwenyewe. Nani alifaidika? Mwajiri. Mtu asiyeweza kuondoka hawezi kudai ujira ulio bora. Ukilishika neno hilo moja, msomaji, umeshika ufunguo wa sheria nyingi za mipaka, za zamani na za sasa. Mara nyingi hazimzuii mtu asifanye kazi. Humzuia asiwe na nguvu ya kujadiliana juu ya bei ya kazi yake.

Hapo yamkini utanikatiza na kuuliza: je, mwenyeji hana haki yake? Kijana wa Mombasa anayetafuta kazi bandarini na kurudi nyumbani mikono mitupu, naye si mtu? Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa maneno matamu. Mji usioweza kupanga mlango wake hauwezi kupanga shule zake, maji yake wala kazi zake. Tena ujio wa wageni haumgusi kila mtu sawa: mwenye nyumba za kupangisha hupata wapangaji, ilhali kibarua huenda akapata washindani. Anayesifu ukarimu kwa hasara ya jirani yake maskini hajatoa chochote chake.

Kenya ilikutana na jambo hili baada ya uhuru wa mwaka 1963. Biashara nyingi za mijini zilikuwa mikononi mwa watu wa asili ya Bara Hindi, na Mwafrika alikuwa amenyimwa mikopo na nafasi katika siku za ukoloni. Malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara. Asiye raia alitakiwa kuwa na kibali ili afanye kazi, na akazuiliwa kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara katika sehemu fulani. Wengi wa waliopatwa na sheria hizo walikuwa na pasipoti za Uingereza, maana hawakuwa wameuomba uraia wa Kenya katika muda uliowekwa. Maelfu wakafunga safari. Uingereza ilipowaona wanakuja, Bunge lake lilipitisha sheria kwa siku chache tu, ikawa sheria kamili tarehe 1 Machi 1968. Tangu hapo mtu mwenye pasipoti ya Uingereza aliweza kuzuiwa kuingia Uingereza, isipokuwa kama yeye, mzazi wake au babu yake alikuwa na asili ya huko. Wapo waliobaki baina ya milango miwili, kila bawabu akimwelekeza mwenziwe.

Tunaweza kusema nini juu ya miaka hiyo? Kenya ilikuwa na haki ya kumfungulia Mwafrika mlango wa duka. Aibu ingekuwa kutomfungulia. Lakini dawa ya dhuluma ya ukoloni haikutozwa kwa wakoloni walioipanga. Ilitozwa kwa watu, na miongoni mwao wachuuzi wadogo waliokuwa wameshika jembe lao kwa miaka mingi. Na Uingereza, iliyokuwa imewapa pasipoti, ilitangua ahadi yake siku ilipodaiwa. Chai ya Kenya haikuulizwa babu yake alizaliwa wapi. Iliendelea kupokewa London.

Sasa tutazame siku zetu. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 ulihamia Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine huuzwa hapo, ikaenda Pakistani, Misri na Uingereza. Lakini liko jambo linaloiletea Kenya fedha nyingi za kigeni kuliko chai: ni fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya walio ng’ambo. Mwaka 2024 zilizidi dola bilioni 4. Miongoni mwa wanaozituma wamo vijana wa pwani waliokwenda nchi za Ghuba, njia ile ile ya majahazi ya kale, kufanya kazi za nyumbani, za ulinzi na za udereva.

Wengi wao walikwenda chini ya desturi ya kafala, ambayo humfunga mfanyakazi kwa kafili wake. Kwa miaka mingi mtu hakuweza kubadili mwajiri bila ridhaa ya kafili, na wapo walionyang’anywa pasipoti zao ijapokuwa sheria ilikataza. Baadhi ya nchi zimeilegeza desturi hiyo, kama Qatar ilivyofanya mwaka 2020. Iweke katika mizani yetu. Jembe limetolewa, tena zito. Lakini mapokezi yamekosekana. Na je, hukumbuki mahali pengine ulipomwona mtu asiyeweza kumwacha bwana wake bila idhini? Kipande kilikuwa shingoni. Hiki kimo katika mkoba wa mwajiri.

Ni rahisi kuwalaumu watu wa mbali. Basi turudi pwani yetu. Wapemba wameishi kwa vizazi katika Kilifi na Kwale, nao ni wavuvi hodari. Kwa miaka mingi hawakutambuliwa kuwa raia, na bila kitambulisho ilikuwa taabu kupata leseni ya kuvua au kufungua akaunti ya benki. Samaki wao aliuzwa sokoni na hakuna aliyemwuliza samaki uraia wake. Aliyeulizwa ni mvuvi. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, wakasikilizwa. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Serikali ilitenda jema, ingawa kwa kuchelewa. Na katika muda huo wote wa kuchelewa, sisi tulikuwa tukila samaki.

Mwaka 2018 Umoja wa Afrika ulikuwa na mikataba miwili: mmoja wa eneo huru la biashara, na mwingine wa uhuru wa watu kusafiri na kukaa. Wa biashara ulianza kutumika mwaka 2019 na umeridhiwa na nchi zaidi ya 40. Wa watu umeridhiwa na nchi chache sana, haujaweza hata kuanza. Hivyo bara letu, lililoonja kipande na minyororo, nalo limefanya haraka kwa gunia na kusitasita kwa mchukuzi.

Sisemi kwamba kila mlango uachwe wazi usiku na mchana. Nasema kwamba sheria ya mlangoni iwe ile ambayo mwenye kuitunga angekubali atendewe mtoto wake katika bandari ya watu wengine. Ijulikane mapema, isibadilike mgeni akiwa njiani. Isitazame rangi wala babu. Imwache mfanyakazi aweze kumwacha mwajiri mbaya, maana ujira wa mgeni ukidhulumiwa, ujira wa mwenyeji nao hushuka. Hapo kumlinda mgeni ni kumlinda kibarua wa mji. Na aliyelima nasi kwa miaka mingi aonyeshwe njia ya kuwa mmoja wetu, kama walivyokuwa wenyeji wale walioitwa kwa majina ya Pate na Faza.

Msomaji kijana, mtihani huu utakufikia. Huenda siku moja ukakaa upande wa ndani wa meza ya uhamiaji, mhuri mkononi. Huenda ukasimama upande wa nje, pasipoti mkononi, moyo ukikudunda. Yamkini maisha yatakuweka pande zote mbili. Ukiwa nje, kumbuka kwamba mwenyeji ana nyumba ya kutunza, ujitahidi kuwa mgeni wa kumponya. Ukiwa ndani, mtazame usoni huyo aliye mbele yako kabla hujazitazama hati zake, kisha uulize kama sheria unayoishika imemtengea mapokezi na jembe.