"Hakuna" ya Nani? Wimbo wa "Jambo Bwana" na Suala la Ukweli

Mnamo 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilitoa "Jambo Bwana", utungo wa Teddy Kalanda Harrison ambao hadhira yake ya kwanza ilikuwa watalii wa mahoteli ya pwani. Mwaka uliofuata Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani, liliurekodi upya kwa kuchanganya Kiingereza, likaambatisha kwenye anwani fasili ya Kiingereza ya maneno "hakuna matata". Aghalabu wahakiki hulalamika kwamba tafsiri huupunguzia wimbo ladha. Sisi tunaonelea kwamba kilichobadilika hapa ni wajibu wa mwimbaji kwa ukweli.

"Hakuna" hubeba kiambishi ku- cha mahali. Anayeitamka hutoa kauli juu ya mahali fulani, nayo yaweza kuwa kweli au uongo. Katika utungo asilia mahali penyewe ni Kenya. Fasili ya Kiingereza haina kiambishi hicho. Kinachosalia ni hali ya moyo, na hali ya moyo haikanushwi kwa ushahidi. Filamu ya The Lion King ya 1994 iliikamilisha safari hiyo kwa kuyafanya maneno hayo falsafa ya maisha isiyo na nchi.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuilaumu tafsiri pekee. Mswahili husema "hujambo", yaani huna jambo, akangoja jibu. "Jambo" tupu ni maamkizi yaliyokatwa ukanushi wake ili yaukae ulimi wa mgeni. Kwa hiyo wimbo ulikuwa umekwisha kutafsiriwa kabla ya kuvuka bahari, nao ulitafsiriwa ndani ya Kiswahili chenyewe!

Agosti 1997 machafuko yalizuka Likoni na kuenea Kwale. Watu waliuawa, maelfu wakahama makwao, watalii wakatoweka na wafanyakazi wengi wa mahoteli wakaachishwa kazi. Je, mwimbaji wa Diani aliyeyatamka maneno hayo mbele ya wageni wachache waliosalia alisema uongo? Mtu aweza kumtetea kwa hoja ya ukarimu: mwenyeji humsitiri mgeni na dhiki za nyumba. Hoja hii ina uzito, ila ukarimu wa jadi una muda wake. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Akishapewa jembe huingia shambani, akaziona dhiki zilizofichwa. Vivyo hivyo, mgonjwa hujibu "sijambo", kisha huongeza "lakini", na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Mgeni wa hoteli hapewi jembe, wala wimbo hauna ubeti wa "lakini". Boney M., wakiimba Ulaya, hawawezi kushtakiwa kwa uongo juu ya Diani, kwa kuwa hawakudai lolote juu yake. Mwimbaji wa Diani hana kinga hiyo. Msikilizaji wake husikia fasili ya Kiingereza. Yeye mwenyewe, na mhudumu apitaye na sinia akielekea jikoni, huisikia ku- ya mahali.